Lenzi ndogo za kufokasi kwa mkono, filta na hudi: usikwame ziwani

Wengi wenye hizi lenzi ndogo wanaona hudi (kikinga jua cha mbele ya lenzi) kama urembo tu, halafu wakifika Bismarck Rock, Mwanza, jioni jua linaingia kwa pembeni picha inapauka wanalaumu kamera. Cheki namba yenye Ø mbele ya lenzi, ndo upana wa filta (kioo cha kufunga mbele ya lenzi) kwa milimita. Kama una lenzi ya 49 na ya 52 nunua filta moja tu ya 52 na ringi ya kupandishia, yaani ya kuifunga kwenye lenzi ya 49, hela inayobaki kala sato, ila hudi nayo lazima iwe ya 52.

Polaraiza, filta ya kuzungusha, ndo mpango mzima ziwani, inakata mng'ao wa maji hadi mawe ya chini yanaonekana, japo inakula mwanga stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga). Fokasi kwanza, maana lenzi nyingi za zamani mdomo unazunguka ukifokasi na polaraiza inahama. Hudi ya duara ya kufunga kwa kuzungusha ifunge juu ya polaraiza, kisha kurekebisha polaraiza zungusha hudi yenyewe, upande wa kukaza tu, ukienda kinyume itafunguka itumbukie majini, mi yangu ilienda hivyo hivyo Kapripointi. Lenzi pana ya milimita 24 usirundike filta mbili na hudi, kona za picha zinakuwa nyeusi.