Densiti, tungamo na ujazo: tuanze na kiazi, tufike Kimondo cha Mbozi

Wanafunzi wengi ninaowafundisha hapa Mbeya huja wamekwisha kariri pembetatu ya fomula, lakini swali likichanganya kilo na sentimita wanakwama. Wekeni fomula pembeni kwanza. Densiti inajibu swali moja: katika kila sentimita moja ya ujazo ya kitu hiki, mna gramu ngapi?

Hatua ya 1: Pima kwa mikono yako

Chukua kiazi mviringo cha kawaida, kama vile vya sokoni Uyole. Kiweke kwenye mizani. Tuseme kina gramu 162. Hilo ndilo tungamo. Ujazo wake hauupati kwa rula, maana kiazi hakina pande zilizonyooka. Tafuta jagi lenye alama za mililita, tia maji hadi 300, kisha kishushe kiazi taratibu kwa uzi, maji yasiruke. Kizame chote. Maji yakipanda hadi 450, yameongezeka mililita 150, na mililita 1 ni sawa na sentimita 1 ya ujazo. Unaposoma, inama mpaka macho yawe usawa wa maji; ukichungulia kutoka juu, kipimo kitakudanganya.

Densiti = tungamo ÷ ujazo = 162 ÷ 150 = 1.08 g/cm³

Usifunge daftari bado. Densiti ya maji ni 1 g/cm³. Jibu letu limezidi kidogo, kwa hiyo kiazi kinatakiwa kizame, na kweli kimezama. Aliyepata 0.93 amegawa kinyume, ujazo kwa tungamo, na kiazi kilichoko chini ya jagi kinamsuta. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika moja, nao huokoa alama nyingi kwenye mtihani. Mwenye chumvi nyumbani aikoroge kwenye maji hayo kidogo kidogo: kiazi kikianza kuelea, ujue densiti ya maji imeipita ya kiazi.

Hatua ya 2: Sawazisha vizio kabla ya kugawa

Tofali la kuchoma lina urefu wa sm 20, upana sm 10, kimo sm 8, na tungamo la kg 2.88. Ujazo ni 20 × 10 × 8 = 1,600 cm³. Hapa ndipo wengi huteleza, wanagawa 2.88 moja kwa moja. Badili kilo ziwe gramu kwanza: 2,880 ÷ 1,600 = 1.8 g/cm³. Swali likitaka kg/m³, zidisha kwa 1,000, upate 1,800.

Hatua ya 3: Geuza fomula kufuata kinachoulizwa

Tungamo = densiti × ujazo
Ujazo = tungamo ÷ densiti

Dumu la lita 5 limejaa mafuta ya alizeti yenye densiti ya 0.92 g/cm³. Lita 5 ni 5,000 cm³, basi tungamo la mafuta ni 0.92 × 5,000 = gramu 4,600, yaani kg 4.6. Lita 5 kuwa kilo 5 ni habari ya maji, usiihamishie kwenye mafuta.

Sasa twende Ndolezi, wilayani Mbozi, kwenye kile kimondo. Tungamo lake hukadiriwa kuwa tani 16, na sehemu kubwa ni chuma, pamoja na nikeli kiasi. Tuchukue densiti ya 8,000 kg/m³. Ujazo wake ni 16,000 ÷ 8,000 = mita 2 za ujazo.

Zoezi: kata kwa mawazo kipande cha mwamba wa matale (graniti), kama ule wa Gangilonga kule Iringa, chenye ujazo huohuo wa mita 2. Densiti yake ni kama 2,700 kg/m³. Tafuta tungamo, kisha lilinganishe na la kimondo. Ukipata kg 5,400, karibu theluthi moja ya kimondo, umepatia.