Utafiti wa takwimu kwa mwanafunzi: chora jedwali tupu kabla hujachapa dodoso

Wadogo zangu mlioko chuo, najua saiv wengi mko kwenye proposo na supavaiza anawarudishia karatasi zina wino mwekundu kila ukurasa. Kazi yangu ni kuchakata data za wanafunzi na miradi, na tatizo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote sio SPSS (programu ya kuchambua data) wala hesabu, ni mtu kuja na madodoso yamejazwa tayari alafu ananiuliza "kaka, nitumie testi gani?" Swali hilo lilitakiwa liulizwe miezi mitatu nyuma. Kuna dada mmoja alikuja na madodoso 280, mada yake inahusu chakula cha mchana shuleni na ufaulu wa hesabu, na kwenye dodoso zima hakuna sehemu hata moja aliyochukua alama za hesabu za mwanafunzi. Aliwauliza tu "je unadhani chakula kinakusaidia kufaulu?" Karibu wote wamesema ndiyo. Hapo ana maoni, ufaulu hana. Ikabidi arudi fildi, nauli yake mwenyewe, na iliniuma sana kwa sababu kitu cha dakika kumi kingemuokoa. Kwa hiyo leo tutatumia mada hiyo hiyo mwanzo mpaka mwisho.

Hatua ya 1: fanya swali lipimike

"Athari za chakula shuleni" bado ni mada, sio swali. Swali ni hivi: je, wanafunzi wa kidato cha pili wanaokula mchana shuleni wana wastani tofauti wa alama za hesabu ukilinganisha na wasiokula, kwenye shule nne za wilaya yako? Sasa unaona vigeu viwili, yaani vitu viwili vinavyobadilika kutoka mtu hadi mtu. Kula au kutokula ni kigeu huru, alama ndo kigeu tegemezi, yaani kile unachotaka kujua kama kinabadilika kutokana na kile cha kwanza.

Alafu jiulize alama zinatoka wapi. Ukichukua mtihani wa ndani wa kila shule umeshaharibu, maana mwalimu wa shule A anatunga migumu na wa shule B anatunga mepesi. Upimaji wa kidato cha pili wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ni mmoja kwa nchi nzima, ni mzuri, ila matokeo yanayotangazwa ni madaraja ya A mpaka F, sio alama. Ukiwa na madaraja utahesabu wangapi wamepata nini na kulinganisha kwa kai-skwea (testi ya kulinganisha idadi za makundi), ukiwa na alama za moko ya wilaya, yaani mtihani wa majaribio, ambayo shule zote nne zimefanya mtihani mmoja unaweza kutafuta wastani na kufanya ti-testi (testi ya kulinganisha wastani wa makundi mawili). Umeona? Testi imejichagua yenyewe na bado hatujaenda popote.

Hatua ya 2: jedwali tupu

Hii ndo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Chukua karatasi, chora jedwali utakaloliweka sura ya nne, ile ya matokeo, bila namba:

Kundi | Idadi | Wastani wa alama | Mchepuko sanifu
Wanaokula | … | … | …
Wasiokula | … | … | …

Mchepuko sanifu ni kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kuzunguka wastani. Kila kisanduku kilicho wazi lazima kiwe na swali kwenye dodoso au rekodi ya shule itakayokijaza. Kisanduku hakina chanzo, ongeza swali. Swali halijazi kisanduku chochote, lifute, usimchoshe mtoto wa watu kwa kurasa nane. Chora jedwali moja kwa kila lengo mahususi, malengo matatu majedwali matatu au manne, alafu mpelekee supavaiza pamoja na dodoso. Atakuelewa haraka sana.

Hatua ya 3: chagua dizaini

Hapa watu wanakariri majina tu wakati swali la kujiuliza ni moja: je, wewe mtafiti ndo unayeamua nani apate kitu na nani asipate, au unakuta mambo yameshatokea?

Kama unaelezea tu hali ilivyo, mfano asilimia ngapi wanakula shuleni, huo ni utafiti elezi, na ukikusanya mara moja unapiga picha ya wakati mmoja, kama zinavyofanya zile tafiti za kitaifa za afya za kaya kwa kaya. Kama unapima vitu viwili kwa watu wale wale kuona vinaendana vipi, mfano siku alizokula na siku alizohudhuria, huo ni wa mahusiano. Kama unalinganisha makundi ambayo tayari yapo, hujayatengeneza wewe, ni ulinganishi wa makundi, na mada yetu ya chakula na alama iko hapa.

Jaribio halisi ni pale unapogawa kwa bahati nasibu. Tuna mfano mkubwa wa hapa hapa nyumbani, Mwanza, miaka ya mwanzo ya 90. Watafiti walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi sita zinazofanana, alafu kila jozi kura ikaamua ipi ianze kupata huduma iliyoboreshwa. Baada ya miaka miwili hivi waliopata maambukizi mapya walikuwa 1.2% kwenye jamii zenye huduma na 1.9% kwenye zile nyingine, matokeo yakachapishwa 1995. Kilichowapa nguvu ya kusema huduma ndo imepunguza ni ile kura.

Na kwa mada yetu kuna utafiti wa Busia, Kenya, kuhusu dawa za minyoo. Shule za msingi 75 ziligawanywa makundi matatu, moja likaanza dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Naupenda mpangilio huu kwa sababu hakuna shule iliyoachwa kabisa, zimepishana muda tu, na kule kupishana ndo kulinganisha kwenyewe. Waliripoti utoro umepungua kwa kama robo, ila alama za mitihani hazikuonyesha kupanda. Yaani dawa zile zile, watoto wale wale, kigeu tegemezi kimoja kinajibu ndiyo na kingine hapana. Ndo maana nakwambia usiandike "maendeleo ya shule" kwenye malengo, sema mahudhurio au sema alama.

Sasa wewe mwanafunzi wa shahada ya kwanza huna bajeti ya kugawa chakula kwa kura, sawa, hakuna shida. Ila elewa unachokikosa. Tangu 2016 ada imefutwa lakini kwenye shule nyingi za kutwa chakula cha mchana ni mchango wa wazazi, kwa hiyo anayekula mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kuna uwezo wa kuchanga, na nyumba hiyo hiyo huenda ina umeme wa kusomea usiku, ina hela ya tuisheni, na mtoto hachoti maji kilomita tatu. Ukikuta wanaokula wana alama za juu, ni ugali na maharage au ni hali ya nyumbani? Hujui. Hali ya nyumbani hapo ni kigeu kinachovuruga, na dawa yake ni kukipima: weka maswali manne matano ya nyumbani, umeme upo, kazi ya mzazi, umbali wa kutembea, tuisheni. Alafu chora jedwali tupu la pili lenye makundi yale yale ila limegawanywa kwa hali ya nyumbani. Ukiwa na data za kutosha unaingiza vyote kwenye regresheni, yaani hesabu inayopima vigeu kadhaa kwa pamoja. Haitakufikisha kwenye usababishi, ila ni bora mara mia kuliko kujifanya hakipo.

Hatua ya 4: sampuli

Tuseme shule nne zina wanafunzi 1,200 wa kidato cha pili. Fomula ya Yamane: n = N ÷ (1 + N × e²), n ni sampuli, N ni wanafunzi wote, e ni kosa unaloruhusu. Kosa unaloruhusu ni 0.05, ukizidisha lenyewe kwa lenyewe ni 0.0025, mara 1,200 ni 3, jumlisha 1 ni 4, kwa hiyo 1,200 ÷ 4 = 300. Basi.

Sasa 300 unawagawaje? Shule zikiwa na 480, 360, 240 na 120, chukua robo ya kila moja: 120, 90, 60 na 30. Ndani ya kila shule chukua daftari la mahudhurio, panga namba, chagua kwa kura au kwa Excel. Usimwambie mwalimu "niitie wanafunzi thelathini", atakuletea wale anaowaamini, na wote wanafanya vizuri.

Na wingi peke yake haukuokoi. 1936 kule Marekani jarida la Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni mbili, likatabiri mgombea Landon atashinda urais. Akashinda mpinzani wake Roosevelt, tena kwa mbali. Orodha zao zilitoka sana kwa wenye simu na magari, na waliorudisha kadi hawakufanana na wasiorudisha.

Hatua ya 5: dodoso na majaribio

Machaguo yasigongane. "Siku 1–3, siku 3–5", aliyekula siku 3 aweke wapi? Usiulize mambo mawili kwenye swali moja. Andika kwa Kiswahili wanachokielewa hata kama ripoti yako ni ya Kiingereza, na ukitafsiri mpe mtu mwingine airudishe kwenye lugha ya kwanza uone kama maana imebaki.

Jaribu kwa watu 20 mpaka 30 kwenye shule ambayo haimo kwenye sampuli. Kama una maswali ya kukubali na kutokubali yanayopima kitu kimoja, angalia alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama majibu ya maswali hayo yanaendana, wengi wanataka ifike 0.7.

Vibali anza mapema: barua ya chuo, ofisi ya mkoa au wilaya, mkurugenzi, ndo ufike kwa mkuu wa shule. Na hawa ni watoto, kwa hiyo ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe.

Hatua ya 6: kuingiza na kuchambua

Kila dodoso lipe namba juu kwa kalamu, namba hiyo iwe safu ya kwanza kwenye kompyuta, ukikuta kosa unarudi kwenye karatasi. Ambaye hakujibu umri ukimwekea 99 iambie SPSS kuwa 99 ni jibu lililokosekana, la sivyo utapata wastani wa umri wa kidato cha pili ni miaka 24 na utashangaa. Faili ghafi litunze pembeni, usiliguse, fanyia kazi nakala.

Anza na idadi na asilimia, alafu wastani na mchepuko sanifu, ndo uende kwenye ti-testi. Ti-testi inakupa namba inayoitwa p. Ukipata p ya 0.03, maana yake sio kwamba kuna asilimia 97 ya kuwa uko sahihi, hapo wengi wanakwama mbele ya watahini. Maana yake ni kwamba kama kusingekuwa na tofauti yoyote kati ya makundi, kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kwa bahati tu kungetokea kama mara 3 kwenye 100. Na taja tofauti yenyewe ni alama ngapi, maana alama mbili na alama kumi na tano sio habari moja hata kama p ni ile ile.

Kwenye kuandika, kwa dizaini hii ya kwetu sentensi iwe "wanaokula shuleni walikuwa na wastani wa juu zaidi, na tofauti ilibaki, au haikubaki, baada ya kuzingatia hali ya nyumbani." Neno "imesababisha" waachie waliogawa makundi kwa kura.