Kabla hujamfungulia punda mzee lango

Punda wa kwanza kuletwa kwangu alikuwa jike wa maji. Kwa miaka alibeba mitungi minne ya lita 20 kila safari, kilo 80 kutoka kisimani hadi madukani, na pale kamba ilipompita mgongoni palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja. Nilimpokea jioni, kwa huruma, bila kuuliza lolote. Miezi saba baadaye akazaa. Mimba ya punda huchukua takriban mwaka mzima, na tumbo la punda aliyekonda halisemi kitu mapema. Nikawa na wawili, ilhali hesabu niliyopiga ilikuwa ya mmoja.

Kwa hiyo ukitaka kuwapokea punda waliochoka kazi, anza na miaka, eka zitafuata. Punda aliyetunzwa vizuri hufika 30 na kuzidi. Ukimchukua wa miaka 12, huenda umejifunga kwa miaka 18. Andika jina la mtu atakayewalisha siku ukilazwa hospitali mwezi mzima. Kama humjui, usianze bado. Idadi nayo iamue leo, kabla hujatazamana na yeyote macho kwa macho. Mimi nilisema sita. Wa saba alipoletwa nilimkataa, nikamlipia daktari wa mifugo akamtibu kwao, na mara nyingi hilo ndilo linalosaidia zaidi. Kituo cha punda cha Lamu, alichoanzisha Mwingereza Elisabeth Svendsen mwaka 1987, kazi yake kubwa ilikuwa kuwatibu punda wa watu, wale ambao wakipona hurudi kubeba mawe na mchanga. Mwenye mkokoteni si katili. Ana karo ya kulipa. Punda afe, mzigo ufike, ndivyo biashara yake ilivyo. Ukimnunua punda wake bila kuzungumzia matandiko yanayochubua, pesa yako itamnunulia mwingine, na kidonda kitatokea palepale.

Chakula ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, na hapo ndipo wanapoharibu. Punda wa kilo 150 anatosheka na kilo mbili hadi mbili na nusu za nyasi kavu kwa siku, pamoja na maji kama lita 20. Farasi mstaafu wa mbio, mwenye kilo 500, atataka nyasi kilo 10, na ndiyo maana anayeota farasi mimi humwambia aanze na punda. Ukimhurumia mwenye njaa kwa pumba na mahindi, atanenepa shingo na matako, na unene huo ni mtego: punda mnene akigoma kula siku mbili tatu, mafuta ya mwilini hujaa kwenye damu, ini linashindwa, unampoteza. Nunua marobota ya nyasi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, uyaweke juu ya mbao yasiguse sakafu. Mahindi yenye ukungu usiyaingize kabisa, maana sumu yake huharibu ubongo wa wanyama hawa. Chakula cha kuku kifungie mbali. Baadhi yake kina dawa inayomfaa kuku na kumuua punda. Na kabla ya kumwachia punda malishoni, pita na gunia uokote plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ile mwaka 2017, lakini iliyozikwa vichakani bado inaibuka mvua ikinyesha, nao wanaila, inaziba matumbo.

Mvua yenyewe inataka paa. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi. Yanalowa hadi ngozini. Si lazima jengo, mabati na nguzo sita zinatosha, mgongo wa banda ukielekea upepo.

Halafu pepopunda. Jina lenyewe linamtaja mhusika, lakini watu hushangaa ukiwaambia punda achanjwe. Sindano mbili zikiachana wiki nne, kisha marudio kadiri daktari atakavyopanga, na ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Punda mgeni akae mbali na wenzake wiki tatu au nne, madume yahasiwe, la sivyo utakuwa na ugomvi na watoto. Mtafute mkata kwato kabla ya kutafuta punda. Kwenye udongo laini, mnyama asiyetembea na mzigo kwato zake hurefuka, na kila wiki sita hadi kumi lazima zikatwe. Wazee watazame wakitafuna: ukiona vidonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu chini ya hori, meno yamekwisha, na kuanzia hapo chakula chake kilowekwe.

Karatasi nisizikawilishe: kibali cha kusafirisha mifugo, na maandishi ya aliyekuuzia au kukupa, yakiwa na mashahidi. Biashara ya ngozi imewafanya wezi wachinje punda vichakani usiku na kuacha nyama. Umoja wa Afrika ulipitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi Februari 2024, lakini mwizi hasomi maazimio. Boma, taa, na mlinzi anayelipwa kwa wakati.

Usichukue mmoja peke yake. Punda hufungamana wawili wawili, na aliyefiwa anaweza kugoma kula, tukarudi kwenye lile la ini. Jike wangu wa maji alifika siku yake Aprili iliyopita, kwa sindano ya daktari. Mwili wenye dawa ile haufai kuachiwa mbwa, basi mlinzi alikesha na fimbo huku mwanawe akimnusa mama masikio, akiondoka hatua chache, akirudi. Alfajiri alikwenda mwenyewe kunywa maji. Ndipo tukaanza kuchimba, vijana wanne, na hata kwa udongo wa masika ilifika saa sita mchana.