Kabla ya jioni ya usomaji maktabani: mambo ya kuzingatia

Jioni ya usomaji ni shughuli ambapo wanafunzi na wahadhiri husoma vifungu vya vitabu na mashairi kwa sauti mbele ya watu. Anza na tarehe. Wengi hukimbilia Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, lakini katika vyuo vingi vya Tanzania siku hiyo mara nyingi huwakuta wanafunzi kwenye mitihani au wameshafunga virago kwenda likizo. Kama unataka wanafunzi wasome wenyewe, chagua wiki ya nne au ya tano ya muhula, kabla majaribio hayajapamba moto. Ijumaa mchana iache. Ukianza saa kumi jioni, maliza saa kumi na moja na nusu ili watu wawahi swala ya Magharibi na daladala.

Mkutubi aonwe mapema, wiki tatu hivi kabla, na aonwe kama mwenzenu wa kupanga shughuli. Yeye ndiye anayejua ni chumba gani sauti haiwasumbui waliokuja kujisomea, na hao nao wana haki yao. Ukubwa wa jengo usikuvutie. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa 2018, inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Wasikilizaji 40 wakitawanyika mahali pa namna hiyo hawajioni kuwa hadhira. Omba chumba kidogo, panga viti nusu duara. Mwombe pia mkutubi atenge vitabu vitakavyosomwa, viwekwe juu ya meza karibu na mlango, na mtumishi mmoja akae pale kuviazimisha. Aliyeguswa na kifungu aondoke na kitabu chenyewe jioni hiyohiyo. Kwangu mimi hilo ndilo lengo la jioni nzima.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye kuchagua cha kusoma, maana kifungu kinachopendeza machoni kinaweza kumchosha msikilizaji. Ukurasa wa maneno 300 hivi, ukisomwa kwa utulivu, huchukua dakika mbili na nusu hadi tatu. Basi mwenye dakika 6 asilete zaidi ya kurasa mbili. Kifungu kinachohitaji maelezo marefu kabla ya kueleweka kiachwe, hata kiwe kizuri namna gani.

Ushairi una mahitaji yake. Tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, yenye mizani 16 kila mshororo inataka kughaniwa. Ikisomwa kama taarifa ya habari, vina vyote vinamezwa. Chuoni hakukosi mwanafunzi aliyekulia kwenye kasida na tenzi; mtafute mapema, mkubaliane mahadhi. Shairi huru linataka zaidi utulivu na mahali pa kuvuta pumzi. Kwa hiyo mazoezi ni lazima, siku moja kabla, katika chumba kilekile na kipaza sauti kilekile. Wahadhiri nao waombwe waje: “Profesa, tunaomba dakika zako 10 kesho” inatosha, na wengi hukubali wakiombwa kwa heshima. Kufundisha riwaya kwa miaka mingi hakumaanishi umewahi kuisoma kwa sauti mbele ya watu.

Kwenye ratiba, wachanganye wahadhiri na wanafunzi. Wahadhiri wote wakitangulia, baadhi yao huondoka mapema na mwanafunzi wa mwisho anasomea viti vitupu. Mshereheshaji amalize salamu na itifaki ndani ya dakika 5. Mgeni wa heshima naye apewe kifungu asome badala ya hotuba. Aarifiwe mapema ili ajiandae.

Mwandishi aliye hai aombwe ruhusa, hasa kama mtarekodi na kuweka mtandaoni, na mwanafunzi anayesoma shairi lake mwenyewe aulizwe pia. Andaeni taa ya kuchaji na spika yenye betri, umeme usije ukakatika katikati ya ubeti. Wasomaji wawe na maji ya kunywa. Vitafunwa vibaki nje ya maktaba. Karibu na meza ya vitabu wekeni daftari, anayetaka kusoma safari ijayo aandike jina lake na namba yake kabla hajatoka.