SOMO: "Floret" si kila ua dogo

Wakuu, neno la Kiingereza "floret" limeulizwa humu mpaka limechosha. Leo ni mwanafunzi wa baiolojia, kesho mwenye resipi ya brokoli, keshokutwa mtu kapewa kijitabu cha kilimo akitafsiri. Naandika mara moja, akija mwingine mrushieni uzi huu.

Hatua ya 1. Angalia anayeongea ni mpishi au mtu wa mimea.

Hatua ya 2. Akiwa mpishi, ni kile kishada unachokichambua kwenye koliflawa au brokoli. Andika "gawa vishada vidogo vidogo". Ukiandika "kata maua", msomaji ataingia bustanini na kisu.

Hatua ya 3. Akiwa mtu wa mimea, twende taratibu, maana hapa ndipo pa kuchemsha. Tafuta alizeti iliyochanua nusu. Unachokiita ua ni kichwa kilichobeba maua yanayoweza kuzidi 1,000. Kipasue kwa wembe katikati, kuanzia usoni kushuka kwenye kikonyo. Utaona vijibomba vimesimama vimebanana. Chomoa kimoja kwa ncha ya sindano. Chini kina kitako cheupe, ndiyo mbegu ya baadaye. Juu kuna bomba la njano lenye ncha tano, ndani yake chavua. Hicho kimoja, peke yake, ni ua kamili: ndiyo disc floret. Na zile ndimi za njano za pembeni? Kila ulimi nao ni ua, unaitwa ray floret. Kwenye alizeti hizo hazizai mbegu, kazi yake ni kuita nyuki.

Tahadhari: usiite ulimi ule "petali moja ya alizeti" kwenye mtihani, alama zitaondoka. Usichukue kichwa kilichokomaa, utakuta mbegu tu halafu uje kunitukana. Na wembe usimwachie mtoto.

Hatua ya 4. Udogo peke yake hautoshi. Asumini ni dogo, lakini halikai ndani ya kichwa kimoja na wenzake kama yale ya alizeti, kwa hiyo usiliite floret. Ukitaka neno la kishairi la kijiua chochote, Waingereza wana "floweret", ila ukiliweka kwenye ripoti ya bwana shamba watakucheka.

Hatua ya 5. Mpunga, ngano na mahindi nayo yana floret, japo hazina rangi ya kuvutia mtu.

---

Mtoto_wa_Kota: Mkuu kwa kifupi floret ni nini?

Jibu: Hatua ya 1 mpaka ya 5.

Kamusi_Hai: Kamusi yangu imeandika "ua dogo", nukta. Wewe unapinga kamusi?

Jibu: Sipingi kamusi, napinga kamusi ya mfukoni. Fungua kubwa, utakuta wameongeza kwamba ni ua dogo lililo sehemu ya kichwa chenye maua mengi. Hicho kipande cha pili ndicho somo lote.

Alizeti_Singida: Shikamoo mwalimu. Vichwa vyangu katikati vina mapepe, pembeni mbegu nzuri. Inahusiana na hizi floret?

Jibu: Marahaba, na umeuliza la maana. Floret huanza kuchanua ukingoni, zinaingia ndani siku hadi siku, kwa hiyo za katikati ndizo za mwisho kupata maji na chakula. Ukame ukikaza wakati huo, zinabaki tupu. Nyuki wakiwa wachache ni hivyo hivyo: kila floret hutoa chavua kwanza, stigma yake (ncha inayopokea chavua) hufunguka baadaye, kwa hiyo nyuki husaidia kubeba chavua kutoka kwingine. Kama lazima upulizie dawa, pulizia jioni nyuki wakisharudi. Udongo wenye upungufu wa boroni (kirutubisho cha mmea) nao huleta mapepe, upimishe kabla ya kununua mbolea.

Bibi_Mahindi: Mbona safu za punje kwenye gunzi huwa namba shufwa?

Jibu: Swali tamu hili! Vishuke vya gunzi, yaani vijishada vinavyobeba floret, hukaa viwili viwili. Kila kishuke kina floret mbili, ya chini hufa, ya juu inakuwa punje. Jozi moja, safu mbili. Hesabu gunzi la leo jioni, mara nyingi utapata 12, 14 au 16.

Mtoto_wa_Kota: Kwa hiyo brokoli ni floret au siyo?

Jibu: Hatua ya 2, ndugu yangu.

Mama_Jiko: Mimi nimekuja kwa koliflawa tu. Hao viwavi wa ndani mnawatoaje?

Jibu: Chambua vishada kwanza, loweka kwenye maji ya chumvi dakika chache, wataelea. Ukiloweka zima wanajificha.

Kamusi_Hai: Na shina la brokoli usitupe. Menya ganda gumu, kata vipande, litangulie sufuriani kabla ya vishada.

Jibu: Hapo kweli umesaidia.