Kabla Hujapanda Boti ya Mekong Kwenda Luang Prabang

Haya ni ya wale wanaotaka kuteremka mto Mekong kwa ile boti ndefu ya mbao, kutoka Huay Xai mpakani na Thailand hadi Luang Prabang, kaskazini mwa Laos. Ni mwendo wa kilomita kama 300, siku 2 za kushinda majini, na usiku wa katikati unalala Pak Beng kwa sababu boti hazipiti kwenye miamba ile gizani. Mji unaoufikia umejaa mahekalu ya Kibudha na uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1995. Safari ni nzuri mno, lakini humtesa asiyejiandaa.

Anza na karatasi. Kwa sisi tunaotoka Afrika Mashariki, kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, lazima iwe mkononi, maana Thailand wanaiulizia. Chanjo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kusafiri. Tangu 2016 cheti kinatambulika maisha yako yote, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba miaka 10 ikipita unachanjwa upya. Viza ya Laos uipate kabla hujafika kwenye daraja la mpakani la Chiang Khong, upande wa Thailand, usiende kubahatisha mpakani. Viza ya Thailand ya kuingia mara moja inakwisha pale pale unapogongewa muhuri wa kutoka, na Laos wakikukatalia upande wa pili, huna pa kurudi kirahisi.

Hela: beba taslimu ya kutosha siku zote 2. Mashine ya kutolea pesa ipo Pak Beng, ila usiitegemee. Kip, hela ya Laos, usibadilishe nyingi, kwa kuwa nje ya Laos haina mnunuzi.

Chakula na maji nunua Huay Xai. Ndani ya boti utauziwa tambi za kumwagia maji ya moto, bisi na bia, basi.

Sweta chukua. Desemba na Januari asubuhi mtoni kuna baridi ambayo mtu wa pwani haitarajii, na upepo unapita moja kwa moja. Machi na Aprili shida ni nyingine: wakulima wa milimani huchoma mashamba kabla ya mvua, bonde lote linajaa moshi, na jua la saa 6 mchana unalitazama kwa macho matupu.

Moshi huo ndio unaonileta kwenye jambo nisilotaka ulisahau. Mabegi makubwa hayakai na wewe. Vijana wa boti huyapokea gatini na kuyashusha chini ya sakafu, kule nyuma. Mbao zinarudishwa, na juu yake wanapanga magunia ya mchele, mizigo ya wenyeji, pengine na pikipiki. Ukishaliachia begi, hulioni tena hadi Pak Beng.

Tulikuwa na dada mmoja mwenye pumu. Wakala wa tiketi alimhakikishia kwamba mizigo yote inakaa karibu na kiti, naye akaiacha pampu yake ya pumu kwenye mfuko wa pembeni wa begi kubwa. Gatini watu walikuwa wanasukumana, vijana wanarushiana mabegi, na kabla hajageuka lake lilikuwa limeshashuka chini. Viti vya mbele vilikuwa vimejaa, tukapewa vya mwisho, jirani kabisa na injini. Nje moshi wa mashamba, ndani moshi wa dizeli. Ilipopita adhuhuri akaanza kile kikohozi kifupi kikavu. Tukamhamishia mbele kwenye hewa. Akakaa ameinama, viganja vimeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, neno moja kwa pumzi moja.

Hakuna kati yetu aliyejua Kilao, na injini inanguruma. Tukamwonyesha nahodha kwa mikono: kifua, begi, sakafu. Alielewa upesi, Mungu ambariki, lakini hakuweza kufungua sakafu boti ikiwa kwenye maji ya kasi. Alitafuta fungu la mchanga chini ya kijiji kimoja, akachomeka pua ya boti pale. Pikipiki ikashushwa, magunia yakapitishwa mkono kwa mkono, na watu wa kijiji waliokuja kupokea mizigo yao wakaingia kusaidia bila kuulizwa. Begi lake lilikuwa chini ya yote. Pampu ilipofika mkononi mwake, midomo ilishaanza kubadilika rangi. Alivuta, akangoja, akavuta tena, na ilipita muda mrefu kabla hajaweza kusema "asante".

Fikiria sehemu kubwa ya njia hiyo: msitu kulia, msitu kushoto, na hospitali hakuna. Kwa hiyo pumu, sukari, presha, kifafa, chochote ulicho nacho, dawa ya siku 2 nzima ikae kwenye kibegi cha mapajani pamoja na pasipoti na hela. Usimpe mtu yeyote kibegi hicho, hata akiwa mpole vipi. Muombe mwenye nyumba ya wageni Huay Xai akuandikie kwa Kilao, kwenye karatasi, ugonjwa wako na jina la dawa. Na fika gatini mapema upate kiti mbali na injini.

Ukiona jaketi okozi zimefungwa juu darini, uliza yako ni ipi. Boti ndogo za mwendo kasi ziache kabisa. Abiria wake huvalishwa helmeti, na hilo peke yake likutoshe.

Boti ya abiria kwa kawaida haisimami kwenye mapango ya Pak Ou. Ukitaka kuyaona, kodi boti Luang Prabang upande mto kilomita kama 25, hadi mkabala na mahali ambapo mto Nam Ou unaingia Mekong. Yana maelfu ya sanamu za Buddha zilizoletwa na waumini kwa karne nyingi, na mwaka mpya wa Kilao, katikati ya Aprili, watu wa mjini huenda kuziosha. Pango la chini lina mwanga, la juu ni giza, kwa hiyo beba tochi na viatu visivyoteleza. Usiguse sanamu. Karibu na hapo linajengwa bwawa la umeme, hivyo ulizia kabla ya kulipa boti inafika wapi siku hizo.

Hekaluni funika mabega na magoti, vua viatu, usielekeze nyayo kwa Buddha. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Alfajiri watawa wanapopita kupokea sadaka ya wali, simama upande wa pili wa barabara na uzime mwanga wa kamera. Ile ni ibada ya watu, na inaniuma kuona wageni wakiwasogezea simu usoni.

Ban Xang Hai, kijiji cha wapika pombe, utaonyeshwa chupa zenye nyoka na nge. Si lazima kuonja, na usinunue, forodha wanaweza kuikamata. Watoto wa vijijini usiwape hela wala pipi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Usiache njia iliyokanyagwa, kwa sababu mabomu yaliyodondoshwa na ndege za Marekani 1964 hadi 1973 bado yamo ardhini sehemu nyingi za Laos. Usiogelee Mekong, mkondo wake ni mkali kuliko unavyoonekana. Soma bima yako kama inagusa safari za majini. Gati la Luang Prabang liko kilomita kama 10 nje ya mji, weka nauli ya bajaji. Na mtu wa nyumbani ajue umepanda boti ya siku gani na unatarajiwa kushuka lini.