Namna ya kulitumia neno "mnyonge" mahali pake

Siku hizi neno "mnyonge" huandikwa mahali pa "maskini" au "dhaifu" kana kwamba yote matatu ni mamoja. Naona hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa sioni neno jingine linalomtaja vizuri hivyo mtu mwenye nguvu zake, na pengine mwenye mali yake, ila hana uwezo wa kumkatalia anayemkabili.

Anayetaka kulielewa na asimame alfajiri katika soko la Mgandini, hapa Tanga, yanaposhushwa matenga ya nyanya kutoka Lushoto. Mkulima ana shamba lake na tenga hulinyanyua peke yake, kwa hiyo si maskini wala si dhaifu. Lakini nyanya za chini zimekwisha kupasuka, maji yake yanamchuruzikia viatuni, na dalali ameyaona.

"Mjomba, bei ndiyo hiyo. Hutaki, rudi nazo mlimani."

"Haya mwanangu, andika."

Amekubali kinyonge. Mbele ya dalali yule, kwa saa ile, yeye ni mnyonge. Akirejea kwake ni mwenye mji anayeamkiwa shikamoo. Basi kabla ya kuliandika neno hili jiulize: mnyonge mbele ya nani? Ukikosa jibu, huenda unalolitafuta ni "fukara" kwa aliyekosa mali, "hohehahe" kwa aliyekosa mali na wa kumtegemea, "dhalili" kwa aliyevunjiwa heshima, au "hoi" kwa aliyechoka tu.

Hali yenyewe ni "unyonge", nayo yaweza kuwa ya taifa zima: Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliutaja unyonge kuwa ndio sababu ya sisi kuonewa, kunyonywa na kupuuzwa. "Kinyonge" hueleza namna ya kutenda, ndiyo maana timu iliyofungwa bao 1 bila kupigania mpira husemwa imefungwa kinyonge, ilhali iliyofungwa 4 ikipambana haisemwi hivyo.

Ipo maana nyingine ya nyumbani, ambayo haihitaji mkandamizaji. Mtoto mwenye homa aliyelala begani pa mamaye bila kutaka kucheza huitwa mnyonge, au husemwa amenyong'onyea, na mtu mzima mwenye huzuni huulizwa kwa upole, "Mbona mnyonge leo, dada?" Swali hilo ni la huruma. Kumwambia mtu usoni "wewe ni mnyonge" ni tusi, na hata kwa nia njema humwumiza. Mwache aseme mwenyewe "sisi wanyonge", maana kinywani mwake hayo ni madai.

Iliyobaki ni methali, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni", ambayo wengi huikosea kwa kuandika "mnyonge ni". "Mnyongeni" ni neno moja, amri kwa watu wengi itokanayo na kitenzi "nyonga", na uzito wa methali umo katika sauti hizo zinazokaribiana. Leo huitumia zaidi tunapomkiri mtu tusiyempenda, hata akiwa na nguvu kutuzidi: dalali yule ni mkali wa bei, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, fedha ya mkulima hailazi.